Wiki Mbili za "Nzuri"

Ngazi za nyumba yao zilikuwa na vipandio hamsini na vinne, na Chiriku alivijua vyote kwa miguu, maana kila asubuhi alivishuka mbio huku mkoba wa shule ukimdunda mgongoni. Chiriku halikuwa jina lake la daftarini. Baba yake alimbandika jina hilo akiwa na miaka mitatu, siku aliyosema bila kituo tangu alipofungua macho mpaka usingizi ulipomchukua na kijiko mdomoni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo wake ulikuwa bado haujapoa. Jina lenyewe lilikuwa limeenea kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita mama yake Mama Chiriku.

Mama Chiriku alikuwa mshonaji. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa, kando ya mlango wa barabarani, nao walikaa ghorofa ya tatu. Kushuka asubuhi hakukuwa na neno. Taabu ilikuwa alasiri, wakati wa kupanda. Mama alikuwa na ujauzito wa miezi sita, na siku hizi kila walipofika kwenye kituo cha ngazi alipata sababu ya kusimama.

"Hebu tazama mawingu yale," alisema kwenye ghorofa ya kwanza, ameshika ukuta.

"Ngoja nifunge kiatu," alisema kwenye ghorofa ya pili.

Chiriku alitazama miguu ya mama. Alikuwa amevaa ndala.

Baba hakuyaona hayo. Alikuwa mwokaji wa mikate, alitoka nyumbani alfajiri, na mama alipokuwa akipanda ngazi yeye alikuwa kitandani akilipa deni la usingizi. Alichoona ni kwamba mkewe siku hizi alilala ameegemea mito mitatu, karibu ameketi. Alipouliza, aliambiwa ni kiungulia, na yeye akaamini, kwani kiungulia ni kitu cha kawaida kwa wajawazito.

Wiki mbili kabla ya mambo kuiva, mama na Chiriku walikwenda kliniki. Mkunga wa pale alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu wa mzaha, lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Alimwekea mama kifuani chombo cha kusikilizia moyo, akasikiliza, akasogeza, akasikiliza tena.

"Nasikia kamvumo kadogo," alisema. "Wajawazito wengi wanakuwa nako, ni damu tu imeongezeka. Kwa wachache linakuwa jambo la kutazamwa. Tuna daktari wa moyo anayekuja hapa mara moja kwa mwezi na mashine yake, ila anaona watu kumi tu, na wenye shida ndio wanaotangulia. Haya, niambie. Habari ya kupumua?"

"Nzuri," alijibu mama.

"Habari ya usingizi?"

"Nzuri tu."

"Na miguu je?"

"Haijambo, nashukuru."

Mkunga aliweka kalamu chini. "Mama Chiriku, mimi na wewe tulisalimiana pale mlangoni, salamu zimekwisha. Sasa nauliza hali yako."

"Ndiyo hali yenyewe, dada. Nzuri."

Mkunga alimgeukia Chiriku. Alitoa daftari jipya kwenye droo, akaandika juu ya jalada: *Ngazi. Usingizi. Miguu.* "Wewe unasifika kwa kusema. Kila jioni niandikie mama yako ameamkaje na ameshindaje. Jina lake naliweka kwenye orodha kwa penseli. Nikisoma daftari lako ndipo nitaamua kama nitalipitishia wino."

Jioni ile Chiriku aliandika kwa madaha yote: *Mama amesimama mara tatu kwenye ngazi. Amelalia mito mitatu. Miguu imevimba, alama ya ndala imebaki.* Mama alilichukua daftari, akasoma, akacheka kicheko kisichofika machoni.

"Hii ni ripoti au mashtaka?" aliuliza. "Mwanangu, mtu akiulizwa habari anajibu nzuri. Ndiyo adabu niliyokulea nayo. Shida zako humwagi mlangoni kwa watu." Aliuchana ukurasa ule taratibu, akaukunja mara nne na kuuweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukicheza. "Wewe andika nzuri."

Chiriku hakuandika nzuri wala mbaya. Shuleni kwao kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba, naye alikuwa tegemeo la darasa la sita. Kila jioni alikuwa uwanjani mpaka giza likaribie, na daftari likasahaulika chini ya godoro.

Alilikumbuka Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya kunywa chai, wakati siku ya kliniki ilikuwa kesho yake. Alilivuta chini ya godoro kwa pupa. Kisha akajituliza. Alichukua kalamu ya buluu na kalamu nyeusi, akaanza kujaza siku moja baada ya nyingine, akibadilisha kalamu ili ionekane kwamba siku zilipita kweli. *Nzuri. Nzuri. Nzuri tu.* Kwa Jumapili aliandika *Nzuri sana*, kwa sababu ilikuwa siku ya mapumziko. Siku ya tisa aliidondoshea tone la chai ili lifanane na daftari lililokaa jikoni. Alipomaliza siku ya kumi na nne alijiona fundi.

Asubuhi ya Jumamosi kliniki ilijaa. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki na bado inateleza, wanawake wameketi kwenye mabenchi na kadi zao mikononi, na kwenye mlango wa mwisho wa ukumbi kulibandikwa karatasi: KIPIMO CHA MOYO, MWISHO SAA SITA. Zamu yao ilipofika, mkunga alifungua daftari na kuvuta miwani karibu.

"Nzuri. Nzuri. Nzuri tu. Nzuri sana," alisoma kwa sauti. "Mbona mimi mzima wa afya sijawahi kupata wiki mbili namna hii? Mama Chiriku, ni kweli haya?"

"Ni kweli, dada."

Mkunga alimtazama Chiriku. "Na mwandishi anasemaje?"

Chiriku, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, aliangalia vidole vya miguu yake. "Ndiyo," alisema.

Mkunga alipima shinikizo la damu na kuandika kwenye kadi. Kisha alivuta orodha ya daktari wa moyo na kuchukua ufutio. Chiriku aliona jina la mama yake likifutika herufi baada ya herufi, mpaka vikabaki vijivumbi vya ufutio, ambavyo mkunga alivipuliza. Palepale aliandika jina la mtu mwingine.

Kutoka kliniki hadi lango la nje kulikuwa na njia ya saruji inayopanda kidogo, ile ya kupitishia viti vya magurudumu. Mama aliianza vizuri. Katikati alisimama, na safari hii hakutafuta sababu. Aliketi juu ya ukingo wa bustani, mkono mmoja kifuani, akipumua pumzi fupi fupi. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Kaninunulie maji," alisema. "Nitakaa sawa sasa hivi."

"Mama, turudi ndani."

"Turudi kusema nini? Kalete maji, mwanangu."

Chiriku aliondoka mbio, lakini hakuelekea dukani. Aliogopa kweli. Ngazi alizihesabu yeye, mito aliiona yeye, miguu iliyovimba aliitazama kila siku, na kwenye karatasi hakuweka hata moja. Mtu pekee ambaye angeweza kusaidia alikuwa amepuliza jina la mama yake mezani kwa sababu aliamini maandishi yake. Ukutani mwa ukumbi saa ilionyesha saa tano na nusu.

Aliingia chumbani kwa mkunga bila kubisha, akamkuta mwanamke mwingine juu ya mzani.

"Si nzuri!" alisema.

"Nini si nzuri, Chiriku?"

"Yote! Niliandika jana siku zote kumi na nne kwa kalamu mbili, na chai niliimwaga makusudi. Mama anasimama kila ghorofa. Anasema anafunga kiatu na amevaa ndala. Analala ameketi, baba anafikiri ni kiungulia. Sasa hivi yuko nje ameshindwa kutembea. Naomba umrudishe kwenye orodha, mimi unipige ukitaka."

Mkunga alivua miwani. Hakumpiga. Alimwomba radhi mwanamke wa kwenye mzani, akavuta kiti cha magurudumu kilichokuwa ukumbini na kutoka kwa mwendo ambao Chiriku hakuutegemea kwa mtu wa umbo lile.

Mama alipowaona wanakuja, alielewa mara moja. "Chiriku! Umenisema kwa watu?"

"Nimekusema, mama," alijibu Chiriku, akaanza kulia.

"Keti hapa kwanza, ugomvi utakusubiri," alisema mkunga na kumsaidia kuingia kwenye kiti. "Mama Chiriku, mimi na wewe tunafahamiana tangu mimba ya huyu mwenye mdomo. Unaficha nini?"

Mkunga alikisukuma kiti mpaka kivulini. Hapo mama aliyatoa. Jirani wa ghorofa ya kwanza alimwambia kwamba kwenye kipimo cha moyo wanadunga sindano ndefu kifuani mpaka iguse moyo wenyewe. "Nikasema, na huyu mtoto tumboni je? Bora ninyamaze, nitajifungua na yatapita."

"Huyo jirani alipimwa lini?"

"Hajapimwa. Alisikia."

Mkunga alicheka mpaka uzi wa miwani ukalegea. "Mshonaji mzima anaogopa sindano!"

"Sindano yangu naishika mimi," alijibu mama, naye akajikuta akitabasamu.

Mkunga alikwenda kuzungumza na daktari wa moyo mlangoni. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama ya mtu aliye maktaba. Walipunguza mapumziko yake ya chai, na mama akawa mtu wa kumi na moja.

Chumba kilikuwa na pazia zito na mwanga hafifu. Mama alilala ubavu wa kushoto, akabandikwa vibandiko vitatu vyenye nyaya za kusoma mapigo. Chiriku aliruhusiwa kuketi kwenye kigoda kwa sharti kwamba asiseme. Daktari alipaka jeli kwenye kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, akakigusisha kifuani mwa mama.

"Uuuh!" alishtuka mama. "Baridi!"

"Samahani. Hayo ndiyo maumivu yote ya leo," alisema daktari. "Hatuchomi, hatuchani. Kifaa hiki kinapeleka sauti ambayo sikio haliwezi kuisikia. Sauti inagonga moyo na kurudi, na mashine inachora ilichogonga. Ni namna ileile tunayotumia kumtazama mtoto tumboni, na haimdhuru."

Kwenye skrini, katika weusi na kijivu, kitu kilikuwa kikijikunja na kujikunjua. Chiriku alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Ulikuwa moyo wa mama yake, umo kazini kama kawaida, wala haujui kwamba unatazamwa.

Daktari aliwaonyesha vyumba vinne na vijilango vinavyofunguka na kufunga kati yake. Alisimamisha picha moyo ukiwa umejaa, akavuta mstari wa vidoti. Akaisimamisha tena ukiwa umebana, akavuta mstari mwingine. "Hapa napima nguvu. Kila pigo linasukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Sitini kwa mia. Nguvu yake ni nzuri."

"Nzuri ya kweli au ya salamu?" Chiriku alishindwa kuvumilia.

"Ya kupimwa," alijibu daktari bila kugeuka, ila bega lake lilitikisika kwa kicheko.

Kisha alibonyeza kitufe na rangi nyekundu na buluu zikamiminika kwenye picha, zikionyesha damu inakotoka na inakokwenda. Chumba kilijaa mlio wa shwaa, shwaa. Daktari alipima mahali pamoja mara tatu.

"Mama, utotoni uliwahi kuugua koo, halafu homa, na viungo vikavimba?"

Mama aliwaza. "Nikiwa na miaka tisa. Nilikosa shule muhula mzima, magoti hayakukunjika."

"Basi ugonjwa ule uliacha kovu kwenye huu mlango hapa. Unatakiwa ufunguke wote, wa kwako unafunguka kidogo zaidi ya nusu. Siku zote ulikutosha. Lakini mwenye mimba damu yake inaongezeka karibu nusu nzima, kwa hiyo sasa damu inapanga foleni mlangoni na inarudi nyuma kwenye mapafu. Ndiyo maana ngazi zinakushinda na ukilala chali pumzi inakata."

"Mtoto wangu?" aliuliza mama. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Daktari aliteremsha kifaa mpaka tumboni. Palitokea moyo mwingine, mdogo, ukipiga haraka haraka kama cherehani ya mama siku yenye wateja wengi. Mama aliutazama, machozi yakamtoka na kupotelea kwenye mto, na hakuyafuta.

"Huyu hana habari na lolote," alisema daktari. "Wewe nitakupa vidonge vya kupunguza mbio za moyo ili damu ipate muda wa kupita mlangoni, na vya kupunguza maji mwilini. Havitamdhuru. Ngazi mara moja tu kwa siku. Nitakupima kila mwezi, na utajifungulia hospitali kubwa, mimi na wenzangu tukiwepo. Ungekuja mwezi ujao, ningekukuta wodini na mapafu yamejaa maji. Leo tuna nafasi ya kujipanga."

Walipotoka, mkunga alimwita Chiriku mezani. Daftari lilikuwa wazi mbele yake, na mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Hili si zoezi la shule, kwamba ukinakili mwalimu anakuchapa na yanaisha," alisema. "Mimi sizioni ngazi zenu. Siwezi kuja kuhesabu mito ya mama yako. Ninachojua ni kile ninachoambiwa, na nilifuta jina lake kwa sababu nilikuamini. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nisamehe, mama mkunga."

"Nimekusamehe, kwa sababu hukungoja ugunduliwe. Ulirudi mwenyewe kabla ya saa sita, na hilo si jepesi." Alifungua ukurasa mpya na kumsukumia. "Sasa andika ya leo. Na chai usimwage."

Baba aliposikia habari zote, aliketi akashika kichwa, akalaani kiungulia na mito yake. Jioni ileile alikuja na waokaji wenzake wawili, wakaipandisha cherehani mpaka ghorofa ya tatu, na ndani ya siku mbili meza, vitambaa na kioo cha wateja vilifuata. Tangu hapo wateja ndio waliopanda. Walifika mlangoni wakihema, wakishika ukuta, wakisifu mawingu, na mama akiwa ameketi kwenye kiti chake aliwauliza kwa upole, "Habari ya kupumua?"

Chiriku aliandika kila jioni, akirudi kutoka kuruka kamba, kabla ya kunawa miguu. Siku nyingine aliandika mistari miwili, siku nyingine ukurasa. Darasa la sita lilishika nafasi ya tatu, na hilo nalo aliliandika, ingawa halikuhusu. Vidonge vilifanya kazi: mito ilipungua ikawa miwili, kisha mmoja na nusu, nusu yenyewe ikiwa mto wa Chiriku uliokonda. Kwenye kipimo cha tatu daktari alimwambia mama kwamba foleni ya mlangoni imepungua.

Mtoto alizaliwa hospitali kubwa, mchana kweupe, mvulana mwenye sauti iliyofanya wauguzi wamwangalie Chiriku na kusema ni wazi wametoka nyumba moja. Madaktari walimpima mama moyo tena, wakaridhika. Baba na Chiriku waliruhusiwa kuingia wodini saa tisa alasiri, baba akiwa na unga kwenye nyusi.

Mama alikuwa ameegemea kitanda, mtoto mkononi. Alimwita Chiriku karibu na kumshika mkono.

"Siku ile nilikasirika uliponisema," alisema. "Leo nakwambia mbele ya baba yako, asante kwa kunisema. Adabu ya salamu nilikufundisha, na uendelee nayo, uwajibu watu nzuri upite. Lakini nilikosea kukuambia uandike nisichokuwa nacho. Anayekutibu mwambie kinachokuuma, hata kama unaona haya, hata kama unaogopa. Na ukipewa kazi ya kuandika ukweli, usiandike kitu kingine, hata ukiambiwa na mama yako."

"Ndiyo, mama."

Mama alimtazama mtoto, akajisogeza kidogo na kukunja uso. "Mkono huu umekufa ganzi tangu mchana, na mgongo unanivuta upande wa kulia."

Chiriku alisita. "Nimwambie muuguzi?"

"Nenda kamwambie," alisema mama. "Vyote viwili."